Kung'aa Ndiko Kosa: Kuusoma Uso wa Plastiki Iliyokatwa

Mezani pangu hapa Mitaboni, Machakos, chini ya dirisha, kuna vipande viwili vya plastiki nyeusi. Vyote vimetoka kwenye nguzo moja yenye upana wa milimita 100 kila upande. Vyote nilivikata kwa msumeno mmoja wa mkanda, siku moja, kimoja asubuhi na kingine baada ya chakula cha mchana. Kila anayeingia karakanani namwomba anichagulie kilichokatwa vizuri, na karibu wote huchukua cha asubuhi. Kina utepe mpana unaong'aa, laini kama kigae kilichooshwa, na ukikielekeza kwenye mwanga unakaribia kuuona uso wako humo. Cha mchana kimefifia, kina weupe mwembamba kama vumbi la unga, na kimejaa mistari. Mimi nasema cha asubuhi ni kibovu na cha mchana ndicho kazi. Nataka kueleza kwa nini, kwa kuvisoma vyote viwili polepole, jinsi tunavyosoma shairi.

Nimefundisha ushairi kwa miaka mingi, na kila mwanafunzi wangu alijua kuwa kazi ya sanaa ina maudhui na ina fani. Maudhui ya vipande hivi hayana ubishi: ni miguu ya kichanja cha mizinga ya nyuki. Ukambani mchwa hamsazii mtu mguu wa mti uliogusa udongo. Ukiuzika leo, baada ya misimu michache ya mvua unachong'oa ni ganda lililojaa tope. Plastiki haina cha kumlisha mchwa. Ndiyo maana nguzo zilizotengenezwa kwa taka za plastiki zimepata wanunuzi nchini Kenya tangu Lorna Rutto alipoanzisha EcoPost mwaka 2009, kampuni iliyogeuza taka kuwa nguzo za ua ili miti isikatwe kwa kazi hiyo. Nguzo yangu niliinunua kwa mchuuzi. Haina nembo wala jina la aliyeitengeneza, na kwa uhakiki wa fani hilo halinisumbui: nimeletewa shairi lisilotajwa mtunzi, nami nitalisoma lilivyo.

Ipo tofauti moja ya kuiweka wazi kabla ya kusoma. Uso wa mbao iliyokatwa una watunzi wawili. Mti umekwisha kuandika sehemu yake zamani: nyuzi, mafundo, kiini cheusi na gamba jeupe, mahali tawi lilipochomoza likafunikwa. Msumeno unapopita, fundi anaandika juu ya maandishi. Mkato ukienda upande, waweza kusema ni uzi wa mti uliouvuta, na mara nyingine utakuwa umesema kweli. Plastiki haina uzi. Ikate kwa urefu, ikate kwa upana, ni ile ile. Alama iliyo usoni mwake imewekwa na mkanda na mkono unaosukuma, na hakuna wa kusingiziwa. Kwa hiyo uso wa plastiki unasomeka kwa uwazi zaidi kuliko wa mbao, mradi msomaji ajue herufi zake. Na herufi hizo hatujafundishana. Macho yetu yamelelewa na mbao.

Nianze na mistari, kwa kuwa ndiyo inayowafanya watu wakikatae kipande cha mchana. Ukikiinamisha ili mwanga uingie kwa pembeni, utaona matuta madogo yaliyosimama wima, sambamba, kuanzia ukingo ambapo mkato uliingia hadi ukingo ulipotokea. Aliyezaliwa Machakos hahitaji kufundishwa kusoma matuta. Vilima vyetu vimechimbwa matuta ya fanya juu tangu enzi za mkoloni, na baadaye na vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, na mtu akiwa ng'ambo ya bonde anajua mteremko ulivyo kwa kutazama nafasi iliyoachwa kati ya tuta na tuta. Mlima mkali, matuta husongamana, ukilala, hutawanyika. Uso huu unasomwa vivyo hivyo, ila mteremko wake ni mwendo wa mkono.

Mistari inatoka wapi? Mkanda wa msumeno ni ukanda wa chuma ulioungwa ncha kwa ncha ukawa pete. William Newberry wa London alipata hataza ya mashine ya namna hii mwaka 1808, lakini kwa karibu miaka 40 haikuwa ya kutegemewa, kwa sababu kiungo cha zile ncha mbili hakikustahimili kupinda na kunyooka juu ya magurudumu. Mkanda ulikatika. Mwaka 1846 Mfaransa Anne Paulin Crépin alipata hataza ya namna ya kuziunganisha kwa kuzichomelea, na tangu hapo msumeno wa mkanda ukaanza kuwa chombo cha kazi. Kiungo hicho kilichoiokoa mashine ndicho kinachoandika usoni mwa plastiki. Hata ukikisawazisha kwa tupa hubaki kinene kidogo, au kimepinda kidogo, kuliko mkanda wenyewe, na kila kinapopita hukwaruza mara moja. Hurudi mahali pake mzunguko baada ya mzunguko, kama kina kinavyorudi mwishoni mwa kila mshororo.

Mkanda wangu una urefu wa mita 2.4, nao huenda mita 12 kwa sekunde. Maana yake kiungo hupita mara 5 kwa sekunde. Nikiweka rula kwenye uso wa mchana napata milimita 2 kati ya mstari na mstari, karibu sawasawa mwanzo hadi mwisho. Milimita 2 mara 5 ni milimita 10. Mkono ulisukuma sentimita moja kwa sekunde, ukaimaliza nguzo kwa sekunde 10. Siku ile sikuwa na saa. Uso wenyewe umenihesabia. Hiyo ndiyo mizani yake, na imetimia.

Sasa kipande cha asubuhi. Kinaanza vizuri. Milimita 30 za mwanzo zina mistari yenye nafasi ya milimita 2, sawa na mwenzake. Kisha mistari inasongamana: milimita moja, nusu milimita, halafu haihesabiki tena hata kwa kioo cha kukuzia. Pale pale unapoanza ule utepe unaong'aa, upana wake milimita 25 hivi. Ukishaisha, mistari inarudi lakini imeachana milimita 4, kama mtu aliyesimama njiani akashtuka kuwa amechelewa. Kwa watu wa arudhi hili ni guni. Mishororo miwili imetimia, wa tatu umemezwa, wa nne umezidi mizani.

Kilichotokea katikati hapo kinaelezeka kwa hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo iliyobadili macho yangu. Meno ya mkanda wangu yameachana milimita 6. Kwa kasi ile, meno 2,000 hupita ndani ya plastiki kila sekunde. Mkono ukisukuma milimita 10 kwa sekunde, kila jino linapewa tonge la sehemu 5 kati ya elfu za milimita. Ni tonge dogo sana, lakini jino kali linaliweza. Mkono ukisita ukashuka hadi milimita 2 kwa sekunde, tonge linabaki sehemu moja ya elfu, na hapo jino halina cha kuuma. Linateleza juu ya plastiki na kuisugua. Meno 2,000 yanayosugua kila sekunde ni moto.

Na moto huo hauna pa kwenda. Chuma hupitisha joto mara 100 hivi kuliko plastiki hii, ambayo ni ile ile ya madumu ya maji ya lita 20. Ukiligusa kwa mkono dumu lililotiwa chai ya moto huchelewa kulisikia joto lake. Ndivyo joto la msumeno linavyobaki pale pale lilipozaliwa, kwenye ngozi nyembamba ya mkato. Plastiki ya madumu huyeyuka ikifika nyuzi 130 hivi, na hulainika kabla ya hapo. Mti nao ni mgumu wa kupitisha joto, lakini mti hauyeyuki. Ukisuguliwa huungua, na weusi wake hubaki pale kumshtaki fundi. Kila seremala anaujua ule weusi na kila mteja anaujua. Plastiki ikionewa vivyo hivyo huyeyuka, ikapakazwa na meno yanayofuata, ikapoa ikiwa laini, ikang'aa. Kosa lile lile ambalo kwenye mbao lingekuwa doa jeusi, kwenye plastiki limejipamba likawa sehemu nzuri kuliko zote.

Hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke, na narudia kwa kuwa macho yanalikataa: kwenye uso wa plastiki iliyokatwa kwa msumeno, kung'aa ndiko kosa. Uso uliokatwa kweli hufifia, kwa sababu jino limetoa kilichokuwapo na kuacha kovu lake. Uso unaong'aa haukukatwa pale, ulipakwa. Nilipoingiza ncha ya kisu kwenye ukingo wa ule utepe, ngozi yake ilibanduka kama utando wa maziwa, na chini yake kulikuwa na chembe za plastiki zilizogandamana ovyo, nyingine zimekaa kama mchanga chini ya lipu.

Mjomba wangu ndiye aliyenionyesha kuwa jambo hili lina upande wa pili. Amechonga vinyago Wamunyu tangu ujana hadi macho yalipomlemea. Wamunyu ina desturi yake katika mambo haya. Tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kuanza kuchonga vitu vya kuuza, mafundi wa huko wamejenga kanuni nzima ya umaliziaji: tezo, kisu, msasa wa kukwaruza, msasa laini, kisha rangi ya viatu au nta na kitambaa. Kung'aa ndilo neno la mwisho la kinyago. Swala asiyeng'aa hajamalizwa. Kwa hiyo sikushangaa Mzee alipovitazama vipande vyangu akachukua cha asubuhi.

"Hiki, mwanangu. Hiki kimekaa sawa."

"Mjomba, hebu kipapase kwanza."

Akafumba macho, akapitisha kidole gumba polepole kutoka ukingo hadi ukingo. Kilipofika kwenye utepe kikasimama. Akarudi nyuma, akapita tena.

"Hapa uliogopa," akasema.

Sikuwa nimemweleza habari ya mizunguko wala ya meno. Kidole kiligundua bonde jembamba pale utepe ulipoanza na kituta pale ulipoishia, na mtu aliyeshika tezo miaka hamsini anajua bonde la namna hiyo linatokana na nini. Ni kweli niliogopa. Sauti ya msumeno ilikuwa imebadilika, kutoka mngurumo hadi mlio mwembamba, nami nikalegeza mkono nikidhani naihurumia mashine. Kumbe kulegeza ndiko kulikoizidishia taabu. Kisha akapapasa cha mchana, akasema tu, "Hapa hukuogopa," akakiweka chini.

Nimelifikiria sana tukio hilo kama mwalimu wa fasihi. Uhakiki wetu wa sanaa za mikono huandikwa na macho. Tunataja rangi, umbo, mng'ao, na tunapiga picha. Mzee aliposoma kwa macho alikosea kama wageni wangu wote, na aliposoma kwa kidole alipata ukweli kwa mara moja. Jicho husoma mwanga unavyorudi. Kidole husoma kilichobaki na kilichoondolewa, na kazi ya msumeno ni kuondoa. Mhakiki asiyegusa hana haki ya kusema chochote juu ya mkato. Hapo silegezi.

Kuna kitu kingine usoni ambacho kinaweza kumpoteza msomaji, nacho ni rangi. Nguzo yangu ni nyeusi kwa nje, lakini ndani ina mikondo ya buluu, njano na nyekundu iliyofifia, inayojipinda kuzunguka moyo wa nguzo. Inapendeza, na kila mtu huiita "nyuzi" kama kwamba ni za mti. Uzi wa mti ni njia: mti hupasukia hapo, hupinda kufuatana nao, hubeba uzito kwa nguvu zake. Mikondo hii haina kazi hiyo. Ni vifuniko, madumu na ndoo vilivyoyeyushwa pamoja bila kukorogwa vizuri, vikaganda katikati ya mwendo. Haimwambii fundi apite wapi. Kwa lugha ya fasihi ningesema ni takriri isiyosisitiza lolote.

Moyo wa nguzo, kinyume chake, unasema jambo la maana. Una matundu, mengine ya ukubwa wa punje ya mtama na mengine ya kuingiza kidole kidogo. Nguzo nene ya plastiki hupoa kuanzia nje. Ganda huganda kwanza likashika umbo, ilhali moyo bado ni moto. Moyo unapopoa na kunywea hauna pa kuvutia nyama, basi huacha mapengo. Mahali hapa uso wa mchana una kingo kali, unaliona tundu lilivyo. Kwenye uso wa asubuhi utepe umepita juu ya tundu moja ukaliziba kwa utando mwembamba. Ukilibonyeza kwa ukucha linatoboka. Nilikuwa karibu kuutia mguu huo chini ya mzinga nikiamini kuwa ni mzima.

Sitaki kukisifu kipande cha mchana kupita kiasi. Kina kasoro zake, na zinaonekana. Nikisimamisha skwea juu yake, mwanga unapita katikati: uso umebinuka karibu nusu milimita, dalili kwamba mkanda haukukazwa vya kutosha ukajipinda ndani ya unene ule wote. Kwenye ukingo wa kutokea kuna ndevu za plastiki ambazo hazikukatika. Na kuanzia milimita ya 70 hivi kuna jambo ambalo lilinichukua jioni nzima kulielewa. Kabla ya hapo kulikuwa na mstari mmoja kila milimita 2. Baada ya hapo, kati ya kila mistari miwili unatokea mwingine, mwembamba zaidi, na kila mara uko mahali pale pale, robo ya njia baada ya mstari mkubwa. Mwanafunzi wa ushairi angeutambua mara moja. Ni kina cha kati kilichoingia shairini katikati ya utunzi.

Nikazima umeme, nikauzungusha mkanda kwa mkono, nikihesabu kuanzia kwenye kiungo. Robo ya urefu baada yake, sentimita 60 hivi, nikalikuta jino lililopinda kuelekea pembeni. Taka haziji safi. Ndani ya nguzo kulikuwa na chembe ya kitu kigumu, jiwe au waya, na jino hilo lilikigonga mkato ulipofika milimita ya 70. Tangu hapo lilichora mstari wake katika kila mzunguko. Uso ulikuwa umeniandikia ni jino gani na ajali ilitokea wapi. Alama yoyote iliyokuwa katikati ya uso wa asubuhi huwezi kuisoma tena, kwa kuwa hapo pote pamefutwa na joto. Ninapompa mtu kipande cha mchana na kumwambia ni bora, nazungumzia hili: makosa yake yote bado yamo, kila moja mahali pake, yanasomeka.

Hata vumbi lina fani. Asubuhi chini ya meza nilizoa nyuzi ndefu zilizoviringana kama nywele zilizotolewa kwenye kitana, nyingine zimeganda kwenye mkanda nyuma ya meno. Mchana nilizoa chembe kavu, zimetengana, mfano wa makapi ya mahindi yaliyokobolewa kuwa muthokoi. Anayekata plastiki nene na asitake kupima kwa rula, atazame sakafu. Na mkanda wenye meno madogo yaliyosongamana, ambao duka lolote litakuuzia kwa ahadi ya mkato laini, haufai kwa unene huu: mianya kati ya meno hujaa kabla jino halijatoka upande wa pili, chembe hukosa pa kukaa, zikayeyuka humo humo. Kwa milimita 100 nataka meno 3 au 4 kwa inchi na mianya mipana. Laini hutafutwa kwenye vitu vyembamba.

Mbali na hapa, Lamu, kuna kazi kubwa kuliko hizi zangu ambayo swali hili linaihusu. Septemba 2018 lilishushwa majini jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa chini ya fundi Ali Skanda kwa karibu tani 10 za taka za plastiki. Mapema mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja, kilomita 500 hivi. Picha karibu zote zilizosambaa zinaonyesha ubavu wake uliovikwa kandambili 30,000 za rangi zote. Ni kazi ninayoiheshimu, na ujumbe wake kuhusu bahari ulifika mbali. Lakini waandishi walipolisifu waliishia kwenye ile ngozi ya rangi, yaani kwenye maudhui. Fani yake imo ndani: mkuku, mataruma, mbao, vyote vya plastiki nene, vilivyokatwa na kuchongwa na mafundi ambao mikono yao ililelewa na mti.

Fikiria taruma. Kwenye jahazi la mti, fundi hulitafuta taruma porini kabla ya kulichonga. Huchagua tawi lililopinda lenyewe, ili uzi wa mti ufuate mpindo na kubeba nguvu za mawimbi. Umbo la taruma ni uamuzi wa mti ambao fundi ameukubali. Taruma la plastiki halina tawi. Mpindo wake umetoka kichwani mwa fundi, umekatwa au kumiminwa, na hakuna uzi wa kuusaidia. Tena plastiki ya madumu hupinda kirahisi karibu mara 10 kuliko mbao ngumu, hivyo nguvu ambayo mti uliitoa kwa uzi, plastiki lazima iitoe kwa unene. Umbo likibaki lile lile la zamani ilhali sababu yake imeondoka, mhakiki anapaswa kuuliza limebaki kwa kazi au kwa mazoea. Nadhani mahali pengine litakuwa limebaki kwa kazi, maana maji hayajabadilika na mwili wa jahazi lazima uyapasue vile vile. Ila jibu haliko kwenye picha. Liko ndani ya tumbo la jahazi, pasipo kandambili, kwenye nyuso zilizokatwa. Namwomba mhakiki yeyote wa pwani aliye karibu nalo aingie humo, afumbe macho, apapase, kisha aandike.

Yapo mambo ya kunipinga, na moja nalikubali. Mafundi wa mabango hukata akriliki, kisha huisugua na kuipitishia moto ukingoni hadi iwe kama kioo. Huko kung'aa ni halali, kwa sababu kazi ya ukingo ule ni kupitisha mwanga, na mng'ao unafanywa kwa makusudi baada ya mkato kusomwa na kusawazishwa. Ninachokataa ni mng'ao uliojitokeza wenyewe ndani ya mkato na kupokelewa kama sifa. Kwenye mabomba ya PVC si suala la sanaa tena: plastiki hiyo ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma koo, na utepe unaong'aa hapo ni onyo la afya.

Jingine ni msasa. Wengi huniambia, piga msasa nyuso zote mbili zitafanana. Ni kweli zitafanana, na hilo ndilo linalonihuzunisha. Plastiki hii haipigiki msasa vizuri, huchanika ikatoa manyoya, kwa hiyo umaliziaji wake wa mwisho ni ule wa msumeno wenyewe. Fundi anayeijua plastiki anaumaliza mguu wakati wa kuukata. Akikosea, akate tena. Nguzo ya mita moja na nusu inatosha kukosea mara moja au mbili.

Nilikata tena. Miguu minne imesimama chini ya mizinga tangu mvua za Novemba, nyuso zilizokatwa zikitazama juu, mistari ikiwa bado imo. Chembe zote nilizifagia nikazitia gunia, kwa kuwa mvua huku hushuka kwa kasi na kila kilicho sakafuni huishia shambani kisha mtoni. Taka iliyokwisha kuokotwa mara moja haifai kurudishwa ardhini ikiwa unga. Wewe mwenye msumeno wa mkanda na kipande kinene cha plastiki, nakuomba jambo moja: uso wa kwanza utakaoukata usiupige msasa wala usiutupe. Uweke chini ya dirisha, uupapase kabla ya kuutazama, kisha hesabu mistari.